Usiisingizie Pilipili: Mwaka Mmoja Bila Fundi Sponji

Ni mwaka mmoja sasa, mume wangu, tangu ubao wako wa kukatia nyanya ukauke. Enzi zako haukuwahi kukauka sawasawa. Ukioshwa leo, kesho uko kazini. Sasa umeanza kupasuka pembeni. Juzi nimeupaka mafuta ya kula kama ulivyokuwa unaupaka wewe, nikausimamisha palepale pake, nyuma ya ndoo ya maji ya kunywa.

Kwenye kumbukumbu kama hizi watu huandika maneno mazuri ya kitabuni. Mimi unanijua, niliishia shule ya msingi, maneno hayo sina. Nitakuandikia kama tulivyokuwa tunaongea jikoni, wewe ukikata vitunguu na mimi nikikuambia angalia kidole, angalia kidole, mpaka unaniuliza mimi ni mke au ni king'ora. Wengine na wasome wakitaka. Tena nataka wasome. Na kuna mmoja nataka asome mara mbili. Huyo nitamfikia.

Mtaa mzima ulikuita Fundi Sponji. Ulikuwa unarudi kutoka karakana na punje za sponji kwenye nywele, kwenye nyusi, mpaka masikioni, na mjukuu wetu anakuzuia mlangoni, anakuokota moja moja kabla hujaruhusiwa kuingia. Makochi ya watu uliyafufua. Mtu alikuletea kochi limebonyea kama limekaliwa na ng'ombe, wiki inayofuata analikuta limetuna, anaogopa hata kulikalia. Na hukuwa unaangalia kitambaa kwanza. Ulikuwa unapiga magoti, unaweka sikio kwenye kiti, unakibonyeza kwa ngumi, unasikiliza. "Kitambaa kinadanganya," ulikuwa unasema. "Juu kinang'aa, kumbe ndani springi imeshakatika siku nyingi. Lazima umsikilize mgonjwa mwenyewe."

Bibi wa nyumba ya kona, ambaye magoti yamemgomea, ulimwona siku moja anavyohangaika kunyanyuka kwenye kiti chake. Ulikwenda na sponji mbili ngumu kwapani, ukakiinua kiti, ukamwambia, "Sasa bibi huinuki, unateremka tu." Mpaka leo anakikalia. Nikipita ananiita dirishani, ananionyesha anavyoshuka, tunacheka, halafu kila mmoja anatafuta kitambaa chake cha kufutia macho.

Salsa, hiyo kachumbari ya kigeni, ulikuja nayo kutoka kwenye hoteli moja uliyokwenda kushona viti vya ukumbini. Mpishi wao alipita na bakuli, ukamwuliza ni nini kinanukia hivyo, akakuonjesha kwa kipande cha mkate. Ulifika nyumbani hujavua hata viatu.

"Mama watoto, kuna nyanya humu ndani?"

"Zipo, za kupikia."

"Leo hazipikwi."

Nikadhani umegombana na mtu kazini. Ulikaa pale jikoni mpaka chakula chetu kikapoa, na ulichokitoa siku ile, Mungu anisamehe, kilikuwa maji ya nyanya yenye chumvi. Lakini hukukata tamaa. Jumapili iliyofuata ukarudia, na nyingine, na nyingine, mpaka ikawa ndiyo Jumapili yetu. Yule shoga yangu mwenye duka alipita akachungulia bakuli, akasema, "Shemeji, si ni nyanya na vitunguu tu hivyo?" Ukaweka kisu chini. "Shemeji, hata kochi ni mbao na kitambaa tu. Basi kakalie mbao." Hakurudia tena kusema, ila kila Jumapili alikuwa na sababu ya kupita.

Nataka niandike ulivyokuwa unatengeneza, maana watoto wameshaanza kubishana, na mimi nilisimama pembeni yako miaka yote hiyo nikihofia vidole vyako, kwa hiyo niliona kila kitu.

Nyanya ulichagua zilizoiva lakini bado ngumu, zenye nyama. Ulikuwa unazinusa pale kwenye kikonyo. Mama wa nyanya sokoni alikuwa anakuuliza, "Fundi, unanunua au unazibusu?" Nawe unamjibu, "Nazisalimia kwanza, naenda kuishi nazo." Nyumbani ulizikata katikati, ukatoa zile mbegu na maji yake kwa kijiko, ndipo ukazikata vipande vidogo vinavyolingana kama vimepimwa kwa futi. Hapo ndipo ulipokuwa umekosea ile mara ya kwanza, ulikata na maji yake. Ukazitia chumvi, ukaziweka kwenye chujio juu ya bakuli zidondoke. Maji yaliyodondoka ulikunywa mwenyewe, ukisema huo ndio mshahara wa mpishi.

Kitunguu ulikikatakata kama mchanga, ukakiosha kwa maji baridi mpaka ukali wake uishe, ukakikamua kwa kiganja. Kitunguu saumu kidogo sana, "kisikike kwa mbali kama redio ya jirani." Majani ya giligilani uliyakata mwisho kabisa, na vishina vyake, hukutupa. Ndimu uliikamulia juu ya vidole ili mbegu zibaki mkononi. Blenda ulikataa. Binti yetu alikuletea ile yake, ukaitazama kama mtu aliyeletewa mgeni asiyemjua. "Hii inasaga. Mimi nataka kila mmoja aonekane sura yake."

Na pilipili. Pilipili ulikuwa unaivalia mfuko wa plastiki mkononi, kwa sababu ya ile siku uliyojisugua jicho, ukazunguka uani ukiimba wimbo ambao hakuna kwaya inayoujua. Ya kwetu ulitoa mbegu. Ya kwako uliacha na mbegu zake zote, kwenye kibakuli chako kile chenye ufa.

Halafu unafunika na sahani ya bluu, unavuta kigoda, unakaa mlinzi. "Ziacheni zielewane," unasema. Hakuna kugusa. Mjukuu wetu jina la Kidole alilipatia hapo, maana alikuwa anapenyeza kidole chini ya sahani huku anakuangalia usoni kama vile kidole si chake. Unamwona, unatazama dari. Ukigeuka, ameshalamba.

Na neno hilo ulilitumia hata kwetu sisi. Mwanetu Mkubwa na dada yake walipogombana mpaka wakawa wanasalimiana kupitia kwangu, mimi nikitaka kuingilia, ulinishika mkono. "Mama, ziache zielewane." Ukawatuma wote wawili sokoni na kikapu kimoja. Walirudi wanacheka, wamesahau giligilani.

Sasa nafika penye kuniuma, uniwie radhi.

Ulianza kuweka mkono kifuani. Hapa katikati, kiganja kimefunguka, kama mtu anayeapa. Mara ya kwanza nilikuuliza una nini, ukasema, "Pilipili hiyo. Ya leo ilikuwa na hasira." Tukacheka. Ni kweli ilikuwa kali, hata shoga yangu wa duka siku ile alikunywa maji mpaka akasahau kuaga. Ukanywa maziwa baridi, ikapita. Tangu hapo ikawa ndiyo kesi imeisha. Kila mkono ukienda kifuani, wa kushtakiwa yupo tayari. Ukawa na vidonge vya kiungulia kwenye mfuko wa shati, unatafuna kama peremende, na Kidole anaomba naye apewe.

"Nenda hospitali," nilikuambia.

"Nikamwambie nini daktari? Daktari, nimekula pilipili, imewasha? Atanifukuza."

"Mwambie inakurudia."

"Inanirudia kwa sababu naila tena, mke wangu. Nikiacha kuila ndiyo nitakuwa mgonjwa."

Ulikuwa na maneno wewe. Ukikuta huna jibu unakohoa kile kikohozi cha kuigiza, mtu anakuonea huruma, mada inabadilika.

Seremala wa jirani na karakana yako ametusimulia baadaye kwamba mlipopandisha kochi la mteja ghorofani ulikuwa unasimama kwenye ngazi, umeloa jasho la baridi, mkono wa kushoto unaukunjua na kuukunja. Akikuuliza unamwambia, "Ya jana bado inawaka." Ya jana! Na jana yenyewe ilikuwa Alhamisi, salsa yetu ni ya Jumapili. Lakini yeye angejuaje? Aliamini, kama wote walivyoamini. Pilipili ilikuwa na jina baya tayari, na chakula hakina mdomo wa kujitetea.

Ndipo ikaja ile Jumapili. Kidole alikuwa amelalamika kwamba kila siku anakula salsa ya kuchunguliwa chunguliwa, anatolewa vipande vya pilipili kama samaki anayetolewa miiba. Ukamwambia, "Leo mkubwa wa nyumba ni wewe." Ukaitengeneza yote bila pilipili hata chembe, na kibakuli chako chenye ufa ukakiacha kabatini. Tulikula wote bakuli moja. Ilikuwa tamu, hata wewe ulikubali, kwa shingo upande. Ukanyanyuka kusogeza meza, ukasimama. Mkono ukaenda kifuani.

"Pilipili hii," ukasema.

Kidole akakutazama, mdomo umejaa. "Babu, ya leo haina pilipili."

Tulicheka, mume wangu. Tulicheka kweli, wewe ukicheka kuliko sisi. "Basi ni kitunguu!" ukasema. Mkubwa akapiga meza. Mimi nilicheka na nikaacha katikati, kwa sababu niliona midomo yako imepauka. Nikakuambia kesho tunakwenda hospitali, nakushika shati nakupeleka. Ukaniambia, "Nimalizie lile kochi la watu. Jumatano, nakuahidi. Jumatano asubuhi, wewe mbele mimi nyuma."

Jumanne kabla ya chakula cha mchana seremala alikukuta umeliegemea kochi lile lile, sindano bado ina uzi, kama mtu aliyepumzika kidogo afikirie mshono unaofuata.

Daktari alituambia taratibu, kwa heshima, kwamba moyo wako ulikuwa unaomba msaada siku nyingi. Nikawaza jinsi ulivyokuwa unapiga magoti, unaweka sikio kwenye makochi ya watu.

Kwa hiyo ninyi mnaosoma, naomba niwaambie kama mama. Mtu wako akishika kifua, usimwachie akutajie alichokula. Kama kinambana akipanda ngazi au akinyanyua kitu, akipumzika kinaachia; kama maumivu yanamshuka mkononi, au yanampanda kwenye taya, au anatoka jasho la baridi hajakimbia, mpelekeni hospitali. Msingojee Jumatano. Akisema ni pilipili, mwambieni sawa, twende tukaisikie pilipili hiyo daktari akiitaja yeye. Mkirudi mmeambiwa ni kiungulia, mtacheka njia nzima, na kicheko hicho hakina hasara.

Narudi kwako, mume wangu, kwa sababu hilo silo lililonifanya nishike kalamu.

Mwaka huu mzima hatukutengeneza salsa. Hakuna aliyekataza. Jumapili inafika, kila mtu anapita jikoni, anautazama ubao, anapita. Mpaka Jumapili iliyopita, Mkubwa alipokuja na mkewe na Kidole, na mfuko wa nyanya. Akasema, "Mama, kumbukumbu ya baba imekaribia. Nataka nijifunze kabla ya siku yenyewe, nisimwaibishe." Nilifurahi, wacha nikuambie ukweli. Nikampa ubao. Nikasimama pembeni, angalia kidole, angalia kidole. Akaniambia, "Mama, mimi nachomelea vyuma kila siku, unaniogopea nyanya?"

Anafanana nawe siku hizi mpaka anachosha. Mwendo wako. Kikohozi chako kile cha uongo. Alitoa mbegu, akatia chumvi, akaosha kitunguu. Alikuwa amefika kwenye ndimu, anaikamua, akasimama. Mkono ukaenda kifuani, kiganja kimefunguka, maji ya ndimu yanamtiririka kwenye shati.

"Pilipili hizi, mama," akasema. "Ni kali mpaka kwa kunusa."

Mkewe alikuwa anapanga sahani. Akageuka polepole. "Mbona hata hujaonja?"

Pilipili zilikuwa bado kwenye mfuko, zimefungwa fundo. Kidole alizitazama, akanitazama mimi. Ana akili yule mtoto, anakumbuka.

Nikamwuliza Mkubwa imeanza lini. Kikohozi. Nikamwuliza tena. Mkewe akajibu badala yake: tangu zamani kidogo, akibeba mageti, na anasema ni chai ya kazini.

"Kesho asubuhi hospitali," nikasema.

"Mama, kesho nina geti la watu, lazima lisimame. Nikilimaliza. Alhamisi, nakuahidi."

Alhamisi! Wewe ulisema Jumatano, yeye kasema Alhamisi. Nikakaa kwenye kigoda chako. Halafu nikainuka. Nilichukua bakuli lile, nikalifunika na sahani ya bluu, nikaliweka juu ya kabati, nikasema hakuna atakayeionja mpaka huyu arudi na maneno ya daktari.

"Mama, nyanya zitaharibika."

"Ziharibike."

"Unanifanya mtoto mbele ya mtoto wangu."

"Wewe ni mtoto wangu. Nani mwingine nitamfanya mtoto?"

Alikasirika. Aliondoka bila kuaga vizuri, mkewe anamfuata na viatu mkononi. Dada yako, wifi yangu, akanipigia simu jioni, akasema nimemzidishia, mwanaume mzima, nimwache kidogo, mambo yataelewana. Nikamwambia wifi, nyanya zinaelewana zikifunikwa. Kifua hakielewani na mtu kikifunikwa.

Nilimpigia asubuhi yake, akasema yuko kazini. Nikampigia siku iliyofuata, simu ikapokelewa na kelele za mashine. Ndiyo maana nimeandika hapa, mume wangu, kwenye gazeti, mahali mafundi wenzake wanaposoma wakinywa chai. Kama hanisikilizi mimi, na wamsomee wenzake kwa sauti. Na wamtanie. Na asipate pa kuuweka uso. Mwanetu mkubwa, fundi wa mageti, haya yote niliyoandika kuhusu baba yako nimekuandikia wewe. Hii ndiyo ile mara ya pili niliyosema. Rudi juu, soma tena.

Nilikuwa nimeishia hapo. Karatasi nikaitia kwenye bahasha, nikampa binti yetu msusi aipeleke kwenye ofisi ya gazeti. Naye alikuwa na kichwa cha mteja mkononi, nusu kimesukwa na nusu kimesimama kama kimepigwa shoti, hawezi kutoka. Akampa kaka yake aliyepita hapo akienda kununua vyuma. Akamwambia, "Peleka, usifungue." Mwanao huyo, umwambie asifungue! Alifungua kabla hajavuka barabara.

Simu yangu ikalia.

"Mama, mimi ni mtu gani wa kuandikwa kwenye kumbukumbu ya marehemu?"

"Wewe ni mtu ambaye sitaki aandikiwe ya kwake."

Nikasikia watu wengi nyuma yake, mtoto analia, mtu anaitwa kwa jina. Nikamwuliza, "Uko wapi? Uko kwa watu wa gazeti?"

"Nipo kwenye foleni."

"Foleni ya nini?"

"Mama, si ulisema nisingoje Alhamisi."

Nilikaa chini pale pale nilipokuwa, na simu sikioni. Tukawa tunasikiliza foleni pamoja mpaka akaitwa.

Walimpima, mume wangu. Wakamfunga nyaya kifuani, moyo ukachora mistari yake kwenye karatasi. Presha iko juu, na mishipa ya moyo inataka kuangaliwa. Daktari akamwuliza, kuna mtu kwenu aliyewahi kuugua moyo? Akasema baba. Akasema, baba yangu alikuwa na jambo kama hili hili, sisi tukasema ni pilipili. Mkewe alikuwepo, anasema alilia hapo, alilia kwa sauti, mpaka daktari akamvutia kiti. Dawa kapewa, anameza mbele ya Kidole, maana Kidole ndiye aliyeteuliwa msimamizi. Vyuma vizito kazuiwa mpaka wamalize vipimo, na siku ya kurudi kliniki imepangwa. Lile geti la watu limesimamishwa na wenzake. Halikuanguka.

Jioni alikuja, akaniomba jambo moja. "Mama, nimeshakwenda. Basi futa hiyo sehemu yangu gazetini."

"Sifuti."

"Mama, wenzangu watanicheka mwaka mzima."

"Wakucheke. Wewe uwepo tu uchekwe."

Akatoa kile kikohozi. Nikamwambia hicho nacho nitakiandika, na nimekiandika.

Zile nyanya za juu ya kabati ziliharibika kweli. Tulizimwaga. Jana akaleta nyingine, akakata mwenyewe mbele yetu sote, kwa ubao wako. Daktari alikuwa ameshamwambia pilipili kidogo haimdhuru, apunguze chumvi tu. Basi chumvi nikaitia mimi, kidogo sana, ndimu ikabeba kazi yake. Tukafunika na sahani ya bluu. Dada yako akakaa kwenye kigoda kulinda, na Kidole akapata chake kama kawaida, sote tunatazama dari.

Kibakuli chako chenye ufa nilikitoa kabatini, nikampa Mkubwa. Akajitilia, na mbegu zake. Akala kijiko cha kwanza, macho yakamtoka, pua ikafunguka, akainua mkono. Meza yote ikaacha kutafuna. Mimi nilikuwa nauangalia mkono ule tu.

Mkono ukaenda kwenye glasi ya maji.

"Hii sasa," akasema akihema, "hii ndiyo pilipili."

Tukacheka, mume wangu, mpaka shoga yangu wa duka akaja kuuliza kuna nini. Nadhani ulisikia.

Unakumbukwa na mimi mkeo, king'ora chako, mwanao Mkubwa, fundi wa mageti, ambaye yupo, mkamwana wako aliyeuliza mbona hujaonja, binti yako msusi, asiyejua kutunza bahasha, dada yako, Kidole, msimamizi wa dawa, seremala wa jirani, aliyelimalizia lile kochi akakuwekea mshono wako wa mwisho kama ulivyouacha, na bibi wa nyumba ya kona, anayeshuka.

Tutakukumbuka daima, kila Jumapili yenye nyanya. Na pilipili tumeifutia kesi yako. Itajibu ya kwake tu.